Chumba Kitupu na Makochi ya Kompyuta

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Maneno haya ni yale yale yaliyosomwa hewani. Waliochelewa na wayasome hapa polepole pamoja na mwalimu wao.

Walimu wa madarasa, kabla hatujaanza nawaombeni mwandike ubaoni maneno matano: picha, kivuli, kipimo, dalali, arubuni. Maneno hayo yatarudi mara nyingi leo, na mwanafunzi ayaonaye ubaoni atayafuata kwa urahisi kuliko ayasikiaye tu.

Juma lililopita tulizungumza juu ya risiti, na kwa nini haifai mtu kutoa fedha bila kupewa karatasi. Leo twaendelea mbele kidogo. Tutazungumza juu ya picha za nyumba, zile ambazo dalali humletea mtu katika simu yake ili avutiwe kununua au kupanga. Hasa tutazungumza juu ya kazi moja ya siku hizi, yaani kukipamba chumba katika picha huku chumba chenyewe ki kitupu. Kazi hii nitaiita upambaji wa picha. Wako vijana miongoni mwenu wanaoweza kupata riziki kwayo, na wako wazee wanaoweza kupoteza akiba yao kwayo. Kwa hiyo sikilizeni nyote.

Kwa nini chumba kitupu hakiuziki

Tuseme bwana mmoja ana nyumba ya kuuza. Wapangaji wamekwisha kuhama, vyombo vimeondolewa, vyumba ni vitupu. Anamwita mpiga picha. Mpiga picha anapiga sebule: kuta, sakafu, dirisha, na balbu moja inayoning'inia darini. Picha ile haimvuti mtu. Sababu yake si ubaya wa nyumba. Sababu ni kwamba jicho la mtu halijui kupima kwa mita; hupima kwa kulinganisha kitu na kitu. Ukiona kitanda, mara moja umejua ukubwa wa chumba, maana kitanda wakijua tangu utoto. Ukiona sakafu tupu, hujui kama ni ya futi kumi au ya futi kumi na sita. Ndiyo maana watu wengi wakitazama chumba kitupu hukidhani kidogo kuliko kilivyo. Wakishaingiza kitanda na kabati ndipo hushangaa kuona kwamba nafasi ingaliko.

Zamani dawa ya jambo hili ilikuwa moja tu: kuleta vyombo vya kweli. Nchini Marekani kazi hiyo imekuwa biashara kamili. Barb Schwarz, mama wa jimbo la Washington, huhesabiwa na wengi kuwa mwanzilishi wake tangu mwaka 1972. Watu wa kazi hiyo huja na lori, huingiza makochi, mazulia, mapazia, maua, hata sahani mezani, nyumba hupigwa picha na kutembelewa na wanunuzi, na ikishauzwa lori hurudi kuchukua vyombo vyake. Gharama yake ni maelfu ya dola. Nyumba ya bei kubwa yaweza kuhimili gharama hiyo. Nyumba ya mtu wa kawaida haiwezi.

Upambaji wa picha ndiyo dawa ya pili. Lori haliji. Makochi, zulia na maua huwekwa na kompyuta ndani ya picha, si ndani ya nyumba. Picha moja hugharimu makumi machache ya dola, pengine pungufu ya hapo. Jambo lenyewe si geni kama mnavyodhani. Kampuni ya IKEA ya Uswidi, iuzayo vyombo vya nyumbani, ilitia katika katalogi yake kiti cha kwanza kilichotengenezwa na kompyuta mwaka 2006, na ilipofika mwaka 2014 picha nyingi za bidhaa zake zilikuwa za namna hiyo. Wasomaji waliona vyumba vizuri, kumbe vingi havikujengwa popote.

Kazi yenyewe

Sasa na tumtazame mpiga picha akiwa kazini. Jambo la kwanza analofanya si la kompyuta hata kidogo. Hufagia. Naam, hufagia sakafu, hufuta kioo cha dirisha, huondoa ndoo na ufagio, huwasha taa na kufungua mapazia. Kompyuta haimsamehe mvivu. Uchafu ulioachwa sakafuni utaonekana chini ya zulia la kubuni.

Kisha husimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 kutoka sakafuni. Hutumia lenzi pana, kwa kawaida ya milimita 16 hadi 24 katika kamera kubwa, ili kuta mbili au tatu ziingie katika picha moja. Wenye simu za kisasa mnayo lenzi ya namna hiyo. Ni ile iandikwayo 0.5. Jihadharini nayo. Lenzi pana hukikuza kitu kilicho karibu na kukisukuma mbali kitu kilicho nyuma, basi chumba kifupi huonekana kirefu kama ukumbi wa mikutano. Kiti kilicho pembeni mwa picha huvutwa kikawa kipana kama kwamba kimetengenezwa kwa mpira. Fundi mwaminifu hutumia upana unaotosha kazi yake, hazidishi.

Kamera lazima iwe sawasawa, isiinamishwe wala kuinuliwa pua. Ikiinamishwa, kuta zitaonekana kulala kama nyumba inayoanguka. Mwashi hupima ukuta kwa timazi na pimamaji. Mpiga picha naye anayo pimamaji ndogo ndani ya kamera yake, nayo huifuata kwa bidii ile ile.

Halafu yako mambo ya mwangaza. Ukisimama ndani ya chumba saa sita mchana, jicho lako laona kochi lililo gizani na laona pia mwembe ulio nje ya dirisha. Kamera haiwezi kuona yote mawili kwa mara moja. Ikipima mwanga wa ndani, dirisha huwa jeupe tupu kama shuka. Ikipima mwanga wa nje, chumba huwa cheusi kama pango. Kwa hiyo mpiga picha hupiga picha tatu au tano za mahali pale pale bila kuigusa stendi, moja ya giza, moja ya kadiri, moja ya mwanga mwingi, na programu ya kompyuta huchukua sehemu nzuri ya kila picha na kuziunganisha. Hapa hapana udanganyifu wowote. Amekuonyesha kile ambacho jicho lako lingaliona kama ungalikuwapo.

Sasa picha hupelekwa kwa intaneti kwa mpambaji, ambaye pengine yuko nchi nyingine kabisa. Yeye anayo ghala ya vyombo vilivyotengenezwa ndani ya kompyuta: makochi, vitanda, taa, majani ya kupamba. Kila kimoja kina urefu, upana na kimo chake. Hukigeuza na kukiweka sakafuni kama seremala alivyopewa nafasi na mwenye nyumba. Na hapa ndipo ustadi unapohitajika, kwa maana picha ni karatasi bapa, bali chumba kina kina.

Mstari wa macho

Wale mlio karibu na njia ya reli, tuseme reli ya kati iendayo Kigoma, mmekwisha kuliona jambo nitakalolieleza. Simama katikati ya njia, mahali palipo salama na pasipo na treni, utazame mbele. Reli mbili ziko mbali zile zile kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini machoni mwako zakaribiana, zakaribiana, mpaka huko mbali zakutana katika nukta moja. Mafundi wa Florence, nchini Italia, ndio walioliwekea jambo hili kanuni. Filippo Brunelleschi alilionyesha kwa vitendo, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaliandika katika kitabu chake cha uchoraji. Hadi leo mpambaji wa picha hutumia kanuni ile ile, ajue au asijue jina la Alberti.

Chukueni rula. Katika picha ya chumba, fuateni ule mstari ambao ukuta wa kulia unagusana na sakafu, mwuendeleze kwa penseli. Fanyeni vivyo hivyo kwa mstari ambao ukuta ule ule unagusana na dari. Mistari hiyo miwili itakutana mahali. Pigeni mstari wa kulala unaopita katika nukta ile, kutoka upande mmoja wa picha hadi wa pili. Huo tutauita mstari wa macho. Nao una tabia moja ya ajabu ambayo napenda mwishike vizuri: kila kitu katika chumba kinachokatwa na mstari huo kimekatwa kwenye kimo cha kamera. Kiwe karibu, kiwe mbali, ni mamoja.

Sasa tutafute kimo cha kamera. Tazameni mlango. Mlango wa kawaida una kimo cha mita 2 na zaidi kidogo. Tuseme 2 kwa urahisi wa hesabu. Ikiwa mstari wa macho unaukata mlango penye sehemu tatu kwa tano kutoka chini, basi kamera ilikuwa kimo cha mita 1.2. Kabati lenye kimo cha mita 1.8 litakatwaje? Theluthi mbili zitakuwa chini ya mstari, theluthi moja juu. Lisogezeni nyuma hadi ukutani. Litaonekana dogo, lakini mstari utalikata pale pale penye theluthi mbili. Meza ya chakula yenye kimo cha sentimeta 75 haiwezi kuugusa mstari huo popote iwekwapo.

Na kochi? Mgongo wa kochi la kawaida una sentimeta 85 hivi. Pimeni kwa rula kutoka mguu wa kochi sakafuni hadi mstari wa macho, kisha kutoka mguu ule ule hadi juu ya mgongo. Kochi la kweli litajaza sehemu saba kwa kumi ya nafasi ile. Mkiona limejaza nusu tu, maana yake mpambaji ameweka kochi la sentimeta 60. Hilo ni kochi la watoto wa chekechea. Amelipunguza ili chumba kionekane kikubwa, na hesabu imemshika.

Napenda sana somo hili la rula. Madarasa mengi huniuliza hesabu ya sehemu itawafaa nini watu wazima waliokwisha kujua kuhesabu fedha. Basi hapo inawafaa.

Hesabu ya pili ni nyepesi zaidi. Maseremala wetu huuza vitanda kwa futi: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ukiingiza kitanda cha sita kwa sita na kukiweka katikati ya ukuta, kitabakiza futi mbili kila ubavu na futi nne miguuni. Kabati la nguo lina kina cha futi mbili hivi, tena milango yake yahitaji nafasi ya kufunguka. Hapo pameshakuwa na msongamano. Lakini katika picha iliyopambwa utaona kitanda cha wakubwa wawili, kabati, meza ya kujipambia, kiti, na zulia ambalo mtoto angeweza kuchezea mpira. Ama chumba si cha futi kumi, ama kitanda si cha futi sita.

Kivuli na marumaru

Mpambaji mzuri hujulikana kwa vivuli vyake. Dirisha likiwa kushoto, kivuli cha meza huanguka kulia, na kochi hung'aa ubavu wa kushoto. Penye jua kali kivuli huwa na makali kama kisu. Penye mwanga wa mawingu huwa laini, hakina mpaka. Tena kila mguu wa kiti unapogusa sakafu pana weusi mdogo, mwembamba. Ukikosekana weusi ule, kiti huonekana kuelea. Jicho la mtu hutambua hata kama mwenyewe hajui ametambua nini. Husema tu, picha hii ina kasoro.

Sakafu ya marumaru ni mtihani mgumu zaidi. Marumaru hung'aa, basi miguu ya meza lazima ionekane kichwa chini ndani yake, hafifu, kama mtu aonavyo mtumbwi ndani ya maji tulivu. Wapambaji wengi husahau. Wengine, wakijua hawaliwezi, hutandika zulia kubwa na kuficha tatizo lote.

Tangu mwaka 2022 hivi zimeenea programu za akili mnemba ambazo hufanya kazi hii kwa muda mfupi mno. Unaipa picha ya chumba kitupu na kuandika maneno machache, nayo yakuletea sebule iliyopambwa. Ni rahisi, na mara nyingi yapendeza. Lakini programu hiyo haiweki vyombo juu ya picha yako kama mpambaji afanyavyo. Mara nyingi huchora picha yote upya, ikikisia. Katika kukisia kwake huweza kupanua dirisha, kuondoa nguzo, kufuta soketi ya umeme, kunyoosha ukuta uliopinda, au kutoboa mlango pasipokuwa na mlango. Haikukusudia kudanganya, maana haina kusudi lolote. Mwenye kuituma ndiye wa kukagua: aweke picha mbili pamoja, ya kwanza na ya pili, ahesabu madirisha, ahesabu milango, ahesabu nguzo. Asiyefanya hivyo hana haki ya kuisingizia mashine.

Barua ya msikilizaji

Mama mmoja wa darasa la jioni ametuletea barua, nami nimemwahidi kutotaja jina lake wala mtaa wake. Anasema mwanawe yuko Maskati kazini, ameweka akiba miaka sita, na dalali amemletea picha za nyumba ya kununua upande wa Kigamboni. Sebule ina makochi ya rangi ya maziwa, taa ya vioo, na nje ya dirisha bustani ya kijani. Mwana amependa, yuko tayari kutuma arubuni. Mama akaenda kuitazama. Akakuta chumba kitupu, waya zimechomoza darini, na nje ya dirisha ukuta wa jirani. Dalali akamwambia, "Mama, hiyo ndiyo teknolojia, kila mahali duniani wanafanya." Mama anauliza: je, amesema kweli?

Mama, amesema nusu. Nusu hiyo na tuichambue, maana ndipo penye fedha ya mwanao.

Kutia kitu kisichokuwapo ndani ya picha si kosa peke yake. Katika miaka ya 1990 palikuwa na vibanda vya wapiga picha karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba makubwa. Kijana alisimama mbele ya ndege iliyochorwa, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Je, alimdanganya mamaye kwamba ana ndege? La. Mpigaji alijua, mpigwaji alijua, na mtazamaji alijua. Ilikuwa furaha ya watu watatu wanaoelewana. Katika picha ya dalali, wawili wanajua na wa tatu hajui. Na huyo wa tatu ndiye atakayelipa.

Tena tutenganishe vitu vya kuhamishika na vitu visivyohamishika. Kochi ni la kuhamishika. Mwenye kununua nyumba hakununua kochi. Akiambiwa wazi kwamba makochi ni ya picha tu, hakuna alichopunjwa. Lakini ukuta wa jirani hauhamishiki. Bustani iliyochorwa mahali pa ukuta ni uongo juu ya nyumba yenyewe. Na ile taa ya vioo? Hapo napaona kama pabaya pia, kwa kuwa taa ya darini huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba, na mnunuzi atadhani umeme umekwisha kutiwa. Kumbe ni waya zilizochomoza.

Kuhusu maneno ya dalali kwamba kila mahali duniani wanafanya: na tuitazame California, jimbo la Marekani lenye biashara kubwa ya nyumba. Huko imetungwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Dalali mwenye leseni akitangaza nyumba kwa picha iliyobadilishwa na kompyuta, lazima aandike wazi kwamba imebadilishwa, na aonyeshe njia ya kuipata picha ya asili isiyoguswa. Sheria imetaja vitu vyenyewe: vyombo, sakafu, kuta, rangi, miti ya nje, nguzo za umeme, hata mandhari yanayoonekana dirishani na nyumba za jirani. Lakini kurekebisha mwangaza, kunyoosha picha iliyolala, au kukata kingo zake hakuhesabiwi. Naona watunga sheria wameuweka mpaka mahali pake. Hata kabla ya sheria hiyo, chama cha madalali wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1908, kimekuwa na kanuni za maadili tangu mwaka 1913, na mojawapo yawataka wanachama wake waonyeshe hali ya kweli katika matangazo yao.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hukataza mfanyabiashara kupotosha watu katika biashara. Kenya wanayo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, nayo hukataza maelezo ya uongo juu ya kinachouzwa. Basi yule dalali asikutishe kwa neno teknolojia.

Mambo ya kufanya sasa, mama, ni haya. Usimkataze mwanao nyumba. Labda ni nyumba njema kwa bei njema. Mwambie amwombe dalali picha za asili, za vyumba vitupu, zote. Dalali mwaminifu anazo, kwa sababu bila hizo picha za kupambwa zisingalitengenezwa. Akisema hana, hilo nalo ni jibu. Kisha rudi kule na futi kamba na daftari. Pima kila chumba, urefu na upana, uandike. Simama mlangoni pa kila chumba umpigie mwanao simu ya video, uizungushe polepole: kuta, dari, sakafu, dirisha, na nje ya dirisha. Fungua bomba uone kama maji yatoka. Tazama pembe za dari kama pana alama za maji ya mvua. Alama hizo ndizo za kwanza kufutwa na kompyuta. Uliza majirani, na upite ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza nani anajulikana kuwa mwenye nyumba. Picha, hata ikiwa ya kweli tupu, haisemi nyumba ni ya nani. Arubuni ingoje mpaka hati imekwisha kukaguliwa.

Najua mama atasema ni kazi nyingi. Miaka sita ya kufanya kazi Maskati nayo ilikuwa kazi nyingi.

Kwa vijana wapiga picha

Nimeahidi maneno machache kwa wale wanaotaka riziki hapa. Madalali wa mijini wanahitaji picha nzuri, na picha nyingi ninazoona ni mbaya: zimepigwa kwa haraka, zimelala, kidole kimeziba pembe, na ndoo ya kuogea iko katikati ya chumba. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikitafuta chumba cha kupanga, dalali mmoja alinionyesha picha kumi na mbili; sikuweza kujua katika hizo kumi na mbili kama zilikuwa za nyumba moja au tatu. Kijana mwenye simu nzuri, stendi ya bei nafuu na ufagio anaweza kufanya kazi bora kuliko hiyo kabla hajagusa kompyuta yoyote.

Ukianza kupamba, pima chumba kwa futi kamba na umpe mpambaji vipimo, asikisie. Toa picha mbili mbili daima, ya chumba kitupu na ya kupambwa. Na yale maneno ya onyo, "vyombo vimewekwa kwa kompyuta", yaandike juu ya picha yenyewe, pembeni, kwa herufi zinazosomeka. Usiyaandike chini yake kama maelezo. Picha za simu hurushwa kutoka kundi hadi kundi, kutoka kwa dalali hadi kwa dalali, na maelezo huachwa njiani. Yaliyo ndani ya picha husafiri nayo. Mwenye nyumba akikuomba ufute ufa wa ukutani, mwambie bei ya kuziba ufa kwa saruji anaijua fundi mwashi.

Sasa kazi ya madarasa. Kila kundi la watu wanne litafute picha moja ya chumba, ya gazeti au ya tangazo, yenye mlango unaoonekana wote. Pigeni mstari wa macho kwa rula. Tafuteni kimo cha kamera kwa kutumia mlango. Kisha pimeni kochi au kabati, mwandike jibu kwa sentimeta. Mwalimu atakusanya majibu na kuyatuma kwetu kwa anwani ya kawaida, nasi tutasoma baadhi yake hewani.

Juma lijalo, siku kama ya leo na saa kama hii, tutasoma mkataba wa kupanga nyumba, kifungu kwa kifungu. Wenye mikataba yao waje nayo darasani.